Meno ya Masizi

Mdomo wa Bibi Kalyani ulikuwa na likizo moja tu kwa siku: asubuhi, ukiwa umejaa mafuta ya ufuta. Na ndipo mjukuu wake Ambili alipolipiza kisasi.

Siku nzima msemaji alikuwa Bibi. Chumvi imezidi. Nywele hizo ni za binadamu au za nazi? Simu hiyo itakuotesha pembe. Mwenzako, binti wa jirani, amepata nafasi ya kusomea unesi, wewe umepata nafasi ya kulala. Ambili, mwenye miaka kumi na tisa na ulimi aliourithi hukohuko, alijibu neno moja akapigwa kumi. Lakini asubuhi mambo yaligeuka. Bibi akishasugua meno kwa masizi ya kumvi za mpunga yaliyosagwa na chumvi na pilipili manga, akishakwangua ulimi kwa uchelewa wa mnazi uliopasuliwa katikati, alikaa barazani kuelekea mawio, akajaza kinywa mafuta ya vuguvugu mpaka mashavu yakatuna kama ya mpiga zumari. Hapo hana neno. Hapo dunia ni ya Ambili.

"Bibi, nimeota umeolewa."

Bibi akatoa macho.

"Bwana harusi ni yule mzee wa maziwa. Mahari kaleta maji."

Kidole cha Bibi kikapanda juu: subiri niteme. Ambili hakusubiri. Aliendelea na orodha ya wageni, nani kala nini, nani kaondoka na sahani, huku mabega ya Bibi yakitikisika na macho yakilengwa machozi, mpaka mafuta yakatemwa kwenye kopo na matusi yakafuata nyuma yake kama treni ya mizigo.

Sasa, dawa hiyo Bibi alipewa na Tabibu Kuttappan, wa upande wa pili wa hekalu, wakati fizi zilipoanza kumvuja damu. Na Tabibu hakuitoa kienyeji. Alimwambia: jaza kinywa usibakize hata nafasi ya kuchezesha ulimi. Kaa wima, usitikisike. Mawazo yako yakae hapohapo kinywani, yasiende sokoni. Ukiona machozi na kamasi vinatoka vyenyewe, teme. Na asiwepo mtu wa kukusemesha, Kalyani, nakujua.

Bibi aliitikia kwa heshima zote. Kesho yake asubuhi akaita: "Ambili! Amka uje unikalie. Nakaa peke yangu kama sanamu, hata kunguru wananishangaa."

Basi ikawa ndiyo desturi yao. Fizi zikaacha kuvuja damu. Bibi akasema ni mafuta, Ambili akasema ni kicheko, na hakuna aliyeona haja ya kumpelekea Tabibu mjadala huo.

Ukaja mwezi wa Karkidakam, mwezi ambao mvua hainyeshi bali inahamia. Ni mwezi ambao hata mtu mwenye afya kabisa hujiona mgonjwa. Kila jiko linapika uji wa dawa, kila mgongo unakandwa mafuta, na baraza la Tabibu Kuttappan linajaa watu kama basi la sikukuu. Mwaka mzima anaishi kwa heshima, Karkidakam anaishi kwa kazi.

Kuna jambo moja kuhusu Tabibu ambalo kijiji kizima kilikubaliana kutoliona. Mzee huyu aliyetibu vinywa vya watu, chake mwenyewe kilikuwa na mlango wazi mbele, upande wa juu. Meno hayapo. Akisema, upepo unapita, na maneno mengine yanatoka na mluzi mdogo kama birika linalokaribia kuchemka. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hakujali, akiongea anaongea kwa kinywa chote na akicheka anacheka mpaka unamwona koo, basi watu nao hawakujali. Watoto tu ndio walicheka, wakafinywa, wakaacha.

Ambili alikuwa ameshapita umri wa kufinywa. Hilo ndilo tatizo.

Asubuhi hiyo mvua ilipumzika kidogo. Bibi alikuwa barazani, mashavu yamejaa, macho yamefumbwa, safari hii anajitahidi kweli. Ambili alikuwa jikoni anapiga mswaki kwa masizi yaleyale, akajiona kwenye kioo kidogo cha ukutani. Meno ya mbele yamekuwa meusi tititi. Kwa mbali hayapo. Wazo likamjia, na wazo la namna hiyo likimjia Ambili halibishi hodi.

Akaongeza masizi mengine kwa kidole, akahakikisha. Akatupia taulo la pamba begani. Akachukua mwavuli wa Bibi, akaukunja akaufanya mkongojo. Akapiga kona kwa nje, akatokea mbele ya baraza, kainama, anakohoa kikohozi cha mwenye elimu.

"Kalyani," akasema, na upepo ukapita, na mluzi ukatoka sawasawa kabisa, maana kwa hilo alikuwa na kipaji. "Fungua kinywa nione. Hmmm. Jana umekula samaki. Na samaki mwenyewe alikuwa hajapiga mswaki."

Bibi alifumbua macho. Akaona meno hayapo. Akaona taulo begani, kama la Tabibu.

Kicheko kilipomtoka hakikupata njia ya kutokea. Mdomo ulikuwa umejaa. Alivuta pumzi, kwa sababu mwili ukicheka lazima uvute pumzi, na mafuta yakaenda nayo. Hayakwenda yote. Yaliyokwenda yalitosha. Alikohoa, akashika kifua, akakohoa tena, uso ukawa wa zambarau kama biringani. Ambili alikuwa bado na mkono kiunoni, anangoja kupigiwa makofi.

"Bibi? Bibi, acha basi."

Halafu akatupa mwavuli.

Kikohozi kilipoa mchana, kikarudi jioni na homa. Siku ya pili Bibi alikuwa anavuta hewa kama anayevuta maji kisimani. Ambili akaita bajaji kabla hata hajamaliza kupiga mswaki asubuhi hiyo, na ndivyo ilivyokuwa kwamba aliingia hospitali ya mjini na masizi mdomoni. Nesi wa mapokezi alimwangalia meno, akaangalia pembeni kwa adabu. Ambili akafumba midomo. Alikaa kwenye benchi akilamba meno yake kwa ulimi mpaka chumvi ikaisha, na alipomaliza ndipo mjomba wake alipofika kutoka Kochi, viatu vimelowa, funguo za gari bado mkononi.

Mjomba Raveendran ndiye mtoto wa kiume wa Bibi. Mama yake Ambili yuko Kuwait anauguza wagonjwa wa watu. Mjomba yuko Kochi anauza vigae vya bafuni, ana nyumba ya ghorofani yenye lifti, na kwa miaka sasa alikuwa na wimbo mmoja: Mama ahamie mjini. Bibi naye alikuwa na jibu moja: nyumba isiyo na ua nitatemea wapi?

Daktari alikuwa binti mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliinua picha ya kifua kwenye mwanga.

"Kuna mafuta mapafuni," akasema. "Mwili hauna njia rahisi ya kuyatoa. Tutatibu homa na uvimbe. Kifua kinaweza kuchukua muda mrefu. Kinaweza kisirudi kama zamani. Mafuta ya nini?"

"Ya kukaa nayo mdomoni," akasema mjomba. "Kuna mzee kijijini anawapa." Akamgeukia Ambili. "Si ndivyo? Si yule Kuttappan?"

Ambili alikuwa na nafasi pale. Ilikuwa nafasi nzuri, pana, ungeweza kupitisha lori. Daktari alikuwa anamtazama. Mjomba alikuwa anamtazama.

"Ndiyo," akasema. "Ni yeye alimpa."

Na maneno hayo yalikuwa kweli, neno kwa neno. Ndiyo maana yalimkaa vibaya zaidi ya uongo.

Mjomba hakungoja kesho. Aliendesha gari mpaka kijijini, akasimama mbele ya baraza la Tabibu lililojaa watu wenye chupa zao za mafuta na vifurushi vya majani ya uji, akasema yote aliyotaka kusema. Kwamba mama yake yuko na kinyago cha hewa usoni. Kwamba mzee asiye na meno yake mwenyewe hana haki ya kugusa ya wengine. Hilo la mwisho lilisemwa kwa sauti. Jambo ambalo kijiji kizima kilikubaliana kutoliona, mjomba akaliweka katikati ya uwanja, na baada ya hapo kila mtu akaliona.

Wanasema Tabibu aliuliza swali moja tu: "Anapumua?"

Mjomba akasema anapumua kwa shida. Tabibu akasema, "Basi nenda ukakae naye," akaingia ndani.

Watu wa kwetu hawasusi kwa kelele. Wanaanza kupitia njia nyingine. Mmoja akakumbuka ana shughuli, mwingine akasema mgongo wake umepona wenyewe, na baada ya siku chache baraza lile, katikati ya Karkidakam, lilikuwa na mbuzi mmoja aliyejikinga mvua.

Habari hiyo Ambili alipewa hospitalini na mama wa jirani aliyeleta wali. "Mafuta ya Kuttappan yamemwingia Kalyani mapafuni," alisema, kwa ladha ya mtu anayetafuna kitu kitamu. "Nami nilikuwa nayo nyumbani! Nimemwagia mgomba."

"Mgomba umekufa?" akauliza Ambili.

"Hata. Umetoa mkungu."

Siku nyingine Ambili angefanya karamu kwa jibu kama hilo. Safari hii aliinamia sufuria ya wali akajifanya anatafuta kijiko.

Usiku na mchana alikaa na Bibi. Akamgeuza, akamfuta, akampangusa meno kwa pamba kama alivyoelekezwa. Kila Bibi alipokohoa, Ambili alisikia kile kicheko ndani yake, kilichokwama, kinatafuta mlango. Alijaribu kusema. Alimwambia mjomba kwenye ngazi za hospitali, palepale penye mashine ya kahawa.

"Mjomba, mafuta hayana kosa. Mimi nilimchekesha."

"Nini?"

"Bibi. Akiwa ameyashikilia mdomoni. Nilijifanya Tabibu. Akacheka, yakampalia."

Mjomba akampapasa kichwa, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kofi.

"Unampenda yule mzee, najua. Alikutibu ulipokuwa mdogo. Lakini usimkingie kifua kwa kujitwisha wewe. Na tena si mahali pa kuleta vichekesho hapa, Ambili. Watu wanaumwa."

"Si kichekesho!"

"Wewe lini umesema kitu kisiwe kichekesho?"

Akashuka kwenda kulipia dawa. Ambili akabaki na ukweli wake mkononi kama noti bandia. Amewadanganya watu kwa raha miaka yote, wakacheka wakamwamini. Leo anasema kweli, hakuna mnunuzi.

Bibi alipovuliwa kile kinyago, Ambili alimwinamia.

"Bibi, mwambie mjomba. Wewe atakuamini."

Sauti ya Bibi ilikuwa nyembamba, imekwaruzwa. "Nimwambie nini?"

"Kilichotokea."

"Nilipaliwa. Wazee wanapaliwa."

"Wanamsema Tabibu. Barazani kwake kuna mbuzi tu."

Bibi aligeuza uso ukutani.

"Raveendran akijua ni wewe," akasema kwa ukuta, "atasema nyumba ile si salama. Atanipandisha lifti mimi, na wewe atakutafutia hosteli. Nitakufa natazama bafu lenye vigae. Kuttappan ni mtu mzima. Atavumilia."

"Bibi."

"Alinikataza nisikae na mtu. Nilikuita mimi. Ulitaka kulala, nikakuita." Akakohoa, kifua chote kikapanda na kushuka. "Kwa hiyo nyamaza, mtoto wewe. Angalau mara moja."

Alinyamaza. Ni ajabu jinsi kunyamaza kunavyochosha mtu asiyekuzoea.

Bibi aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mjomba akachukua likizo akaja kukaa nao, "mpaka tuone". Alitupa chupa ya mafuta ya ufuta. Akanunua mswaki wa plastiki wenye mpini wa bluu na dawa ya meno yenye ladha ya pipi. Bibi akautumia akikunja uso, akasema anajihisi kama sinki.

Siku hiyohiyo jioni mapema, mvua ikiwa ya manyunyu, Ambili alisema anakwenda dukani. Hakwenda dukani.

Tabibu Kuttappan alikuwa amekaa peke yake barazani anachambua mizizi, anaondoa udongo kwa kisu kidogo. Vifurushi vya uji wa dawa vilikuwa vimepangwa nyuma yake mpaka kwenye dari, vya msimu mzima, vinaanza kunuka unyevu.

"Ambili!" akasema kwa kinywa chote, mluzi ukatoka. "Kalyani vipi? Anapumua mpaka chini au anaishia juu?"

"Anaishia juu, babu."

"Alale ubavu wa kushoto kidogo, wa kulia kidogo. Asilale chali. Mpeni maji ya moto ya tangawizi, funda dogo dogo, akae wima. Na msimpe mtindi jioni." Akaelekeza kisu kwenye mkeka. "Kaa."

Hakukaa. Akikaa hatasema. Akasema akiwa amesimama, maji yanamtiririka kwenye nywele, akasema yote, kuanzia masizi mpaka mwavuli. Alipofika penye meno alisita.

"Ulijifanya mimi," akasema Tabibu.

"Ndiyo, babu."

"Kwa masizi."

"Ndiyo."

"Meno ya wapi?"

Ambili akagusa meno yake ya mbele, ya juu.

Tabibu alichukua mzizi mwingine akaukwangua. Akaukwangua mpaka ukabaki kama sindano.

"Unajua yangu yalikwendaje? Ng'ombe wa bibi yako. Yule mwekundu. Alikuwa na kidonda cha ulimi, Kalyani akaniita usiku, nikainama kumtazama. Ng'ombe hakupenda kutazamwa." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaishia njiani. "Bibi yako alilia kuliko mimi. Nikamwambia asimwambie mtu, ng'ombe alikuwa na sifa nzuri sokoni. Kwa hiyo hata wewe hukuambiwa."

"Babu, nisamehe."

"Nimekusamehe. Msamaha haunigharimu kitu. Lakini kifua chake hakisikii msamaha, unaelewa? Hicho kitaendelea."

"Nitamwambia mjomba. Nilimwambia, hakuniamini. Twende wote umwambie wewe."

"Mimi? Anayejitetea mwenyewe ananuka." Akaweka kisu chini. "Sikutumi, wala sikukatazi. Nenda, utaloa."

Alikuwa ameshaloa. Alirudi nyumbani akipita katikati ya njia, madimbwi yote, hakuliruka hata moja.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya watu kuja kumjulia Bibi hali. Barazani palijaa. Mama wa jirani wa mgomba alikuwepo, na wengine ambao zamani zile, wiki chache nyuma, walikuwa kwenye baraza la Tabibu na chupa zao. Bibi alikaa kwenye kiti, shali mabegani, anaitikia kwa kichwa. Mjomba anagawa chai na kusimulia, kwa mara nyingine, mambo ya mafuta.

"Watu wazima mnajazwa mafuta mdomoni kama taa," akasema. "Na mnamshukuru."

"Mjomba," akasema Ambili kutoka mlangoni. "Si mafuta."

"Ambili, si sasa."

"Nilimchekesha."

Mama wa jirani akacheka. Mwingine akasema, "Huyu naye!" Mjomba akaweka birika chini akatikisa kichwa kwa wageni, kama anayeomba radhi kwa mbwa anayebweka.

Ambili akaingia jikoni. Kopo la masizi lilikuwa mahali pake, maana mjomba alikuwa ametupa mafuta tu. Akachovya kidole. Safari hii hakutazama kioo. Akajipaka mpaka kwenye mdomo.

Alipotoka hakuwa na taulo, hakuwa na mwavuli, hakuinama. Alisimama mbele ya mjomba wake na mbele ya watu wote, akafungua midomo, akaonyesha meno.

Hakuna aliyecheka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisimama mbele ya watu, akafanya kichekesho kamili, hakuna aliyecheka, na ndivyo alivyotaka, na ilimuuma.

"Nilimwendea hivi," akasema. "Nikaongea kama Tabibu. Alikuwa na mafuta mdomoni. Tabibu alimkataza asikae na mtu. Bibi alikuwa ananiita, na mimi nilikuwa namchekesha. Kila siku."

Mjomba alikuwa anamtazama meno. Uso wake ulikuwa unakwenda mahali, unarudi.

"Hospitalini," akasema polepole. "Nesi aliniuliza. Akasema, binti yako alikuwa na nini mdomoni alipoingia? Nikamwambia hapana kitu, alikuwa na haraka tu, hakumaliza kupiga mswaki." Akamgeukia mama yake. "Mama?"

Bibi Kalyani alikuwa amefumba macho. Ambili aliona taya ikijikaza, kama enzi zile za asubuhi anapozuia kicheko.

"Nilimwita mimi," akasema Bibi. "Kuttappan aliniambia kaa peke yako, nakujua. Alinijua kweli." Halafu akaanza kukohoa, na kikohozi kikachukua nafasi ya maneno yote, na mama wa jirani ndiye aliyekimbilia maji, akiwa bado ameshika chai yake ameimwaga nusu.

Mjomba Raveendran ni mtu wa hasira, lakini si mtu wa nusu. Alikwenda kwa Tabibu mchana huohuo kwa miguu, bila gari, na aliposimama mbele ya baraza lile alishusha shuka aliyojifunga kiunoni, aliyokuwa ameikunja magotini, ikafika chini, kama mtu anavyofanya mbele ya mkubwa wake. Akaongea kwa sauti ileile aliyotukania, ili waliosikia la kwanza wasikie na la pili. Tabibu alimpa maji ya kunywa. Akamuuliza kama Bibi analala ubavu.

Halafu mjomba akarudi akafungasha nguo za Bibi.

Hakumgombeza Ambili. Alifungasha tu. "Mpaka kifua kitulie," akasema, bila kumtazama. "Daktari yuko karibu kule. Na kule hakuna wa kumchekesha." Bibi aliketi kwenye gari na mkoba wake wa tambuu mapajani, dirisha limeshushwa. Ambili alitaka kusema kitu. Vilimjia vitu viwili, vyote vya kuchekesha, akavimeza.

"Mbona huongei?" akauliza Bibi.

"Sina, Bibi."

"Basi wewe ndiye mgonjwa," akasema Bibi, na gari likaondoka. Ilikuwa mara yake ya mwisho kumpiga Ambili kwa maneno kabla ya lifti, na Ambili angelipa kupigwa tena.

Ambili alikwenda kukaa kwa mama wa jirani, ambaye kila siku alimweleza jinsi yeye alivyojua tangu mwanzo. Jioni alipiga simu Kochi. Bibi alisema bafu ni zuri sana, unaweza kulala humo. Kati ya neno na neno alikohoa, na Ambili aliweka simu sikioni mpaka kikohozi kiishe, hakuwahi kuishusha.

Baraza la Tabibu lilijaa tena kabla Karkidakam haijaisha. Watu walirudi kwa njia yao ya zamani, kama ambao hawakuwahi kupotea. Mama wa jirani alirudi na chupa mpya, akauliza kama mafuta ni yaleyale mazuri.

Siku moja Ambili alikuwa anapita, ameinamisha kichwa, akasikia akiitwa. Tabibu alikuwa na mgonjwa mbele yake, dereva wa bajaji aliyevimba shavu. Ambili akapanda ngazi.

"Huu ni unga wa kusukutulia," akasema Tabibu, akampa kifurushi kilichofungwa kwa uzi. "Mpelekee Kalyani. Auchanganye na maji ya vuguvugu, asukutue, ateme, basi. Hakuna mafuta tena. Mwambie nimesema asukutue akiwa amesimama."

Alisema yote hayo mkono wa kushoto ukiwa mbele ya mdomo. Kiganja chote, vidole vimebana, kama mtu anayepiga miayo mbele ya wageni. Ambili alidhani jino linamuuma, kwa kuwa jino huweza kumuuma mtu yeyote, hata yeye. Akasubiri mkono ushuke.

"Babu, nitampelekea Jumapili."

"Vizuri," akasema mkono.

Ambili alishuka ngazi na kifurushi kifuani. Alipofika kwenye lango aligeuka kidogo tu. Tabibu alikuwa amemwinamia dereva wa bajaji, mkono umeshuka, anamwambia afungue mdomo, na sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, pana, na mluzi wake ndani. Dereva alisema kitu. Tabibu akarudisha kichwa nyuma kucheka, akamwona Ambili pale langoni, na mkono ukapanda tena.

Ambili akaondoka haraka, ili mzee aweze kumaliza kucheka.